Kwenda Kazi Ng'ambo Bila Lugha ya Huko

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vikundi vya kujisaidia kutoka Changamwe, Chaani na Mikindani. Msemaji ni fundi wa kuchomelea vyuma aliyestaafu.)



Nimeitwa kwa sababu ya ombi moja lililoletwa kwenye kikundi cha akina mama. Kijana wetu wa Chaani ameomba akopeshwe shilingi 180,000 ampe ajenti, apate kwenda Ujerumani kufanya kazi ya kuchomelea. Ajenti amemwambia lugha si neno, atajifunza huko huko. Akina mama wakaambiana, hebu tumwite yule mzee aliyewahi kwenda nje, atwambie. Basi nimekuja.

Sikuja kumvunja moyo kijana. Kazi hapa petu zimepungua, nyote mwajua. Kiwanda cha kusafisha mafuta hapa Changamwe kilianza mwaka 1963, na mwaka 2013 kikaacha kusafisha mafuta. Mafundi waliokuwa wakiitwa kwa makumi kila matengenezo makubwa yakifika, leo wengine wanachomelea mageti na madirisha huko Magongo, wakisubiri mteja. Kijana kutazama nje si ujinga wala si tamaa. Ninachotaka tuangalie ni hilo neno la ajenti, kwamba lugha si neno.

Mimi nilikwenda nchi moja ya Ghuba. Nilikuwa na gredi testi, nilikuwa na miaka kadhaa ya mabomba, na nilijiambia chuma ni chuma na moto ni moto, popote utakapokwenda. Kiingereza changu kilikuwa cha shule. Kiarabu sikuwa nacho. Wenzangu Waislamu tuliosafiri nao walikuwa na Kiarabu cha chuoni, wakitutambia njiani, lakini nao pia walipofika walinyamaza, maana Kiarabu cha kitabu na kile cha msimamizi anayefoka juani ni mbalimbali.

Kabla ya kuondoka nilitia sahihi karatasi ya Kiingereza. Iliandikwa fundi wa kuchomelea mabomba, na mshahara wake. Tulipofika, usiku ule ule, tumechoka, tukaletewa karatasi nyingine ya Kiarabu. Weka sahihi hapa. Nikaweka. Ningefanyaje, na pasipoti imeshachukuliwa?

Mwisho wa mwezi nikapokea pesa pungufu, karibu nusu. Nikaenda ofisini. Karani hakugombana na mimi hata kidogo. Alifungua faili, akaniwekea kidole juu ya neno moja, kisha akakishusha mpaka kwenye sahihi yangu. Lile neno maana yake ni msaidizi. Mimi nilikuwa nimekubali kwa mkono wangu mwenyewe kwamba mimi ni msaidizi wa fundi. Nami ndiye niliyekuwa nikichomelea yale mabomba! Na mjue hivi: katika nchi nyingi za Ghuba, karatasi ya Kiarabu na ya Kiingereza zikitofautiana, inayosikilizwa mahakamani ni ya Kiarabu. Mkataba ulikuwa wa miaka 2. Hesabuni wenyewe nilipoteza kiasi gani.

Hiyo ni pesa, na pesa hutafutwa tena. Kuna jambo jingine ambalo hata mke wangu nilimficha kwa muda. Kila asubuhi kabla ya kazi tulisimamishwa tuelezwe hatari za siku hiyo. Msimamizi alichanganya Kihindi na Kiingereza cha haraka. Wote wakitikisa kichwa, nami natikisa. Siku moja alikuwa amesema bomba fulani bado halijatolewa gesi. Nikaenda na moto wangu mpaka pale pale. Mfilipino mmoja akanivuta kwa ukosi wa shati nikaanguka chali. Nikataka kumpiga. Akanionyesha kibao kilichokuwa kimening'inizwa kwenye vali, nami nilikuwa nimekipita nikikiona.

Tangu siku hiyo nikaanza. Maneno 5 kila siku, nikiyaandika kwa chaki kwenye boksi la vijiti vya kuchomelea: vali, gesi, shuka, simama, nani kasema. Yule Mfilipino ndiye mwalimu wangu. Baada ya miezi saba hivi niliweza kusimama mbele ya injinia nikamwambia, nipime. Nikapimwa kwenye bomba lililoinama, ule mtihani mafundi tunaouita 6G, nikapita. Mkataba wa pili niliandikwa fundi. Ujuzi wangu wa mkono haukuwa umezidi kitu. Kilichozidi ni kwamba sasa niliweza kuuliza.

Sasa tuje Ujerumani, maana huko ndiko kijana anakotaka.

Ni kweli Wajerumani wana upungufu wa mafundi, na ni kweli nchi yetu ilitia sahihi nao makubaliano ya wafanyakazi mjini Berlin tarehe 13 Septemba 2024. Hapo ndipo uvumi ulipoanza. Zikavuma habari za kazi 250,000 kwa Wakenya. Serikali ya Ujerumani ikakanusha mara moja, ikasema makubaliano hayana idadi yoyote. Wakati huo huo ilitajwa mfano mmoja wa kweli: madereva 5 wa basi kutoka Kenya waliopokewa katika mji wa Flensburg, kaskazini mwa nchi hiyo. Watano. Sisemi ni kidogo, kila safari ina wa kwanza. Lakini kati ya 5 na 250,000 ndipo matapeli wanapojenga nyumba zao.

Ajenti huyu hasemi uongo mtupu, na ndiyo sababu ni vigumu kumkamata. Tangu Juni 2024 Wajerumani wana kadi wanayoiita Chancenkarte. Kwa kadi hiyo mtu aweza kuingia akiwa na Kijerumani cha hatua ya kwanza tu, A1, au hata bila hicho, mradi Kiingereza chake kifike B2. Hapo ajenti husimama akanyamaza. Haongezi kwamba kadi hiyo si kazi, ni ruhusa ya mwaka mmoja ya kwenda kutafuta kazi. Haongezi kwamba ni lazima uonyeshe una pesa za kukulisha, zaidi ya yuro 1,000 kwa kila mwezi wa kukaa, au kibarua cha saa chache huko cha kuzifikia. Kwa mwaka mzima ni zaidi ya shilingi milioni moja na nusu zetu. Tena wanataka mafunzo ya ufundi ya miaka 2 au zaidi yanayotambuliwa na serikali ya hapa kwetu. Mwenye gredi testi peke yake, aliyefundishwa kando ya barabara na mjomba wake kama nilivyofundishwa mimi, asidhani yuko ndani.

Njia nyingine ni kupata mwajiri kabla ya kuondoka, uanze kazi huku vyeti vyako vikiendelea kukaguliwa na kutambuliwa. Njia hiyo yataka Kijerumani cha A2. Wauguzi, ambao ndio wanaotafutwa sana, kwa kawaida hutakiwa wafike B2 ndipo wapewe leseni kamili. Na ni haki yao. Mgonjwa mzee akikwambia kifua chanibana usiku wa manane, utamwita mkalimani?

Wapo wanaopona bila lugha ya nchi. Wataalamu wa kompyuta wenye uzoefu, Wajerumani wenyewe wamewaondolea sharti la Kijerumani, maana kazi yao huenda kwa Kiingereza. Mabaharia wetu pia, melini lugha ni Kiingereza. Lakini fundi wa vyuma huajiriwa karakana ya watu wanane katika mji mdogo, mwenye mali ni mzee, na utani, matusi na maagizo yote ni Kijerumani.

Nitawakumbusha jambo la hapa hapa Mombasa. Mwaka 1844 alifika mgeni mmoja Mjerumani, Johann Ludwig Krapf, mmisionari. Mwaka huo huo akafiwa na mkewe na mtoto wake mchanga, makaburi yao yako ng'ambo ya Kisauni. Hakuwa na Kiswahili. Akakaa na wenyeji akajifunza, na kamusi yake ya Kiswahili ikachapwa 1882, yeye ameshafariki. Nimemtaja kwa sababu watu hudhani kujifunza lugha ya wenyeji ni adhabu ya Mwafrika aendaye Ulaya. Mjerumani naye alipotaka kufanya kazi kwetu ilimbidi akae chini kama mtoto.

Turudi kwenye ile 180,000. Akina mama mko 12. Ni 15,000 ya kila mmoja, pesa ya vitumbua na samaki wa kukaanga. Ajenti akitoweka, hakuna wa kumdai ila kijana, na kijana hana.

Mimi naona msimkatalie, ila msimpe kwa mkupuo wala msimpe ajenti. Kwanza mumlipie darasa la Kijerumani la A1. Akifaulu mtihani wa Goethe-Institut na kuleta cheti hapa kwenye mkutano, mlipie A2. Akishinda hiyo, ndipo mlipe kutafsiri vyeti vyake vya chuo na kuvipeleka vikaguliwe. Akianguka A1, mtakuwa mmepoteza kipande, hamkupoteza kikundi. Ataona ni safari ndefu. Ni ndefu kweli, yaweza kufika mwaka na nusu, na huenda akanichukia. Mie tayari.

Na huyo ajenti aulizwe mambo mawili tu. Jina la kampuni yake liko katika orodha ya waliopewa leseni na Mamlaka ya Taifa ya Ajira? Orodha hiyo ni ya wazi, kijana yeyote mwenye simu ataitafuta hapa hapa tukiwa tumekaa. La pili, aandike kwa karatasi 180,000 ni ya nini, kipengele kwa kipengele, na atie sahihi. Akisema mambo ya kuandikiana ni ya watu wasioaminiana, mama mweka hazina, funga kisanduku.

Nimeuliza ada ya darasa la A1 na nimeiandika katika karatasi hii, pamoja na tarehe ya kuanza. Nampa mama mwenyekiti aisome. Kijana mwenyewe namuona amesimama pale mlangoni. Ingia mwanangu, keti, uwaulize na wewe yako.