Stima Ikirudi, Usikimbilie Swichi



Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilikaa gizani. Tarehe 10 Desemba mwaka huohuo, mambo yakawa yaleyale. Siku hizo zinakumbukwa kwa kuwa ziligusa karibu taifa zima. Lakini mkaazi wa Kibomet au Kanduyi hahitaji giza la kitaifa ili apoteze friji. Mvua ya alasiri moja, tawi la mkaratusi likiangukia nyaya, na stima inapotea na kurudi mara tatu kabla chai haijachemka.

Wengi huhesabu hasara kuanzia stima inapopotea. Mara nyingi vifaa huungua inaporudi. Dakika hiyo friji, pasi na televisheni za mtaa mzima huvuta umeme kwa pamoja, nao hupanda na kushuka kabla ya kutulia. Stima ya nyumbani hapa kwetu ni volti 240. Ikishuka sana, mota hushindwa kuzunguka, hupata joto na kuungua. Ikipanda ghafla, televisheni na chaja ndizo hutangulia.

Friji inastahili maneno zaidi, maana kwa mama anayeuza maziwa hiyo ndiyo duka lenyewe. Ndani yake kuna kompresa inayosukuma gesi. Stima ikikatika, shinikizo la gesi hubaki kubwa upande mmoja, na kompresa ikilazimishwa kuwaka papo hapo huumia. Ipewe kama dakika tano. Hiyo ndiyo kazi ya gadi ya friji: hukata stima iliyozidi au iliyopungua, kisha husubiri dakika chache kabla ya kuiruhusu tena. Gadi ya televisheni kwa kawaida husubiri muda mfupi zaidi, kwa hivyo isitumiwe kwenye friji. Asiye na gadi achomoe friji mara tu stima inapopotea, aache taa moja ikiwa imewashwa, na taa hiyo ikitulia ndipo achomeke. Mlango usifunguliwe ovyo. Friji iliyofungwa huhifadhi baridi kwa takriban saa nne.

Ekstensheni nayo imewadanganya watu. Ile ya kawaida, hata ikiwa na kitaa chekundu, hugawa stima tu. Hailindi kitu.

Radi ni habari nyingine kabisa. Ikipiga karibu, gadi ya dukani haiwezi kuizuia. Ngurumo zikianza kusikika kwa mbali, chomoa vifaa kwenye soketi, pamoja na waya wa antena ya televisheni, ambao husahaulika. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi. Radi ikiwa imeshafika juu ya nyumba, usiguse nyaya tena. Mpangaji naye amwombe mwenye nyumba amlete fundi mwenye leseni ya EPRA akague waya wa ethi.

Dalili moja isipuuzwe: taa za nyumba moja zikiwaka kupita kiasi huku za jirani zikififia. Huenda waya wa nyutro umekatika, na volti zinaweza kukaribia 415. Zima swichi kuu, kisha piga 97771, nambari ya Kenya Power, au tumia *977#. Waya ulioanguka usisogelewe, hata kama mtaa hauna stima.

Kifaa kikiungua, usikitupe. Piga picha, andika saa na siku, tafuta risiti, na uwaulize majirani kama nao wameathirika. Ripoti Kenya Power na udai nambari ya kumbukumbu ya malalamiko. Usiporidhika na jibu, peleka malalamiko hayo EPRA, ukiwa na nambari hiyo mkononi.