KUUZA CHAKULA KINACHOTENGENEZWA NYUMBANI
Hotuba ya Katibu katika sherehe ya Chama Kikuu kutimiza miaka kumi



Leo wengi watasema habari za ghala, mizani na lori. Sisi tumeombwa tuseme habari za jikoni, wala hatuoni haya kuanza na kosa letu wenyewe.

Wanachama walipoanza kusaga karanga majumbani na kuuza siagi yake, mwenye duka mmoja mjini aliturudishia makopo yote kwa kuwa hayakuwa na maandishi. Tulikasirika, tukasema twaonewa kwa sababu ya ukulima wetu. Lakini kikaoni tuliulizana: mtu akiugua, tutajuaje siagi ilitoka jiko la nani, na siku gani? Hapakuwa na aliyejibu.

Basi tukapatana kanuni. Kila kopo liandikwe jina la chakula, vitu vilivyomo, uzito, jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa kutumika. Chumba cha kusagia kitengwe, kuku na mbuzi wasiingie. Kila mtengenezaji apimwe afya. Mwenye kuhara au kidonda mkononi asiguse chakula mpaka apone. Tangu Julai 2019 usajili wa vyakula na majengo yake uko mikononi mwa Shirika la Viwango, yaani TBS. Na SIDO hufundisha wasindikaji wadogo. Tuwaendee bila hofu.

Lakini kanuni iliyo kubwa ni kuchambua. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au kuvunjika huweza kuwa na sumukuvu. Sumu hii haionekani, wala haiondoki kwa kukaangwa au kupikwa. Viwango vya Afrika Mashariki haviruhusu izidi mikrogramu 10 katika kilo moja ya karanga. Mwaka 2004, huko mashariki mwa Kenya, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Na mwaka 2016 msiba wa namna hiyo ulifika Dodoma na Manyara.

Tulipoanza kuchambua tulijisifu sana. Je, karanga tulizozikataa zilikwenda wapi? Hatukuzitupa. Tulizitwanga tukaungia mboga za watoto wetu. Mteja wa mjini tulimlinda. Mtoto wa nyumbani tukamlisha kile tulichoona hakimfai mteja. Jambo hili lilipotajwa mkutanoni, akina mama waliinamisha vichwa, na akina baba pia.

Tangu siku hiyo tuliamua makapi yafukiwe mbele ya shahidi, na uzito wake uandikwe kitabuni. Twajua uchungu wa kufukia jasho. Dawa yake iko shambani: kuvuna kwa wakati, kuanika juu ya turubai na si juu ya udongo, mpaka karanga zilie ndani ya maganda zikitikiswa, kisha kuweka magunia juu ya chanja, mbali na unyevu.

Wazee husema kizuri chajiuza. Nasi, baada ya miaka kumi, twaongeza neno moja: kisichofaa kuuzwa hakifai kuliwa nyumbani.

Ushirika wetu udumu.