Kujua Kuinuka Mezani

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya karata. Tafadhali usizime redio. Sikuja kukufundisha kamari. Nina sababu zangu za kuiogopa.

Nilipoanza kazi, miaka mingi iliyopita, sisi vijana wa mtaani tulikuwa na kibaraza nyuma ya nyumba ya mwenzetu, na kila mwisho wa mwezi tukicheza karata za pesa. Jioni moja nililiwa robo ya mshahara. Ningeondoka hapo, mambo yangekuwa mepesi. Lakini nilijiambia: kwanza niirudishe. Ilipofika saa sita ya usiku bahasha ilikuwa tupu, na kodi ya chumba haijalipwa. Kesho yake nilimwambia mwenye nyumba kwamba nimeibiwa, na mzee wa watu akanipa pole.

Nimeyakumbuka hayo kwa kusoma habari za Doyle Brunson, Mmarekani wa jimbo la Texas, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki Mei 2023 akiwa na miaka 89. Huyu alikuwa mkongwe wa poka, mchezo wa karata ambao kila mchezaji huficha zake na kuweka dau mbele ya wenzake.

Hakuanza kama mcheza karata. Alikuwa hodari wa mpira wa kikapu chuoni, mpaka mzigo ulipomporomokea kazini ukamvunja mguu. Alikuwa na shahada mbili, akaajiriwa kuuza mashine za ofisi. Kwa masimulizi yake mwenyewe, siku ya kwanza alikwenda kwa mteja, akakuta watu wanacheza poka, naye akaketi. Kwa muda usiofika saa tatu alipata zaidi ya mshahara wa mwezi mzima. Kazi ikaishia hapo.

Sasa wewe kijana usikimbilie kusema, kumbe kazi ni ujinga! Sikiliza na upande wa pili. Brunson na wenzake wawili walizunguka miji ya Texas kwa miaka wakicheza kwa mfuko mmoja. Polisi waliwasumbua, na majambazi waliwatolea bunduki. Kisha wakaenda Las Vegas pamoja kwa mara ya kwanza, na akiba yao yote ikaliwa. Ushirika ukavunjika, lakini urafiki haukuvunjika. Hapo ndipo nilipomheshimu. Wangapi miongoni mwetu tumegombana maisha kwa hasara ya duka moja?

Mwaka 1976 Brunson alitwaa ubingwa wa dunia wa poka, na mwaka 1977 akautwaa tena. Ajabu ni kwamba miaka yote miwili karata zake za mwisho zilikuwa kumi na mbili, yaani ya kumi moja na ya mbili moja, karata ambazo mchezaji mwenye akili huzitupa. Basi watu wakazipa jina lake, wakaanza kuzichezea. Waliiga karata, hawakumwiga mtu. Hawakuona karata nyingi alizozitupa kimya kimya kabla ya kufika hapo, wala namna alivyokuwa akiwatazama wenzake usoni na mikononi.

Katika poka, karata mbovu haimwaibishi mtu. Humjia kila mmoja. Ustadi mkubwa ni kuzitupa mapema, na pesa uliyokwisha kuiweka katikati ya meza kuihesabu kuwa si yako tena. Mwenye kuifuata huongeza nyingine juu yake. Ndivyo nilivyofanya kibarazani. Ndivyo afanyavyo mtu anayetia injini ya tatu katika gari bovu kwa kuwa mbili za kwanza zilimgharimu sana. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki.

Leo kijana hahitaji kibaraza. Kamari imo ndani ya simu yake, usiku na mchana, na mshahara umo humo humo. Tena ile si poka. Katika poka unashindana na mwenzako, mna njaa sawa. Katika kubeti, mwenye kampuni amekwisha kupanga malipo hivi kwamba fungu lake hutoka kwanza. Huko hakuna uso wa kuutazama. Na hata katika poka yenyewe, kwa kila Brunson mmoja wapo maelfu waliorudi nyumbani kwa miguu, na hao hawaandikiwi vitabu.

Kodi ile niliilipa kwa miezi miwili. Uongo niliomwambia yule mzee sikupata kuulipa, maana alifariki kabla sijapata ujasiri wa kumweleza. Ndugu yangu, kama leo umeliwa robo, inuka uende nyumbani na robo tatu.

Hadi juma lijalo, panapo majaliwa, kwaherini.