Mbalamwezi na Dagaa wa Ziwa Tanganyika

Katika Ziwa Tanganyika dagaa huvuliwa kwa taa, na taa hufaa pale giza linapokuwa zito. Usiku, viumbe wadogo sana wa majini hupanda kutoka kilindini. Dagaa huwafuata, na samaki waitwao migebuka huwafuata dagaa. Mwanga wa karabai, au wa taa za sola zilizoenea siku hizi, huwakusanya dagaa karibu na chombo, kisha wavu hufanya kazi yake. Lakini mwezi mpevu ukiangaza ziwa zima, taa hupoteza mvuto na samaki hutawanyika. Ndiyo maana mitumbwi mingi ya Kigoma hukaa ufukweni siku kadhaa kila mwezi, nyavu zikishonwa. Mapumziko hayo huwapa samaki nafuu, nayo yanastahili kuheshimiwa.