MLIMA NI WETU, MZIGO NI WA NANI?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wapenzi wa chama, Shinyanga)



Mtaniuliza: sisi watu wa tambarare, watu wa pamba na ng'ombe, nanyi ndugu wa Geita mnaoshuka shimoni kutafuta dhahabu, mlima Kilimanjaro watuhusu nini? Nasema watuhusu sana, maana habari ya mlima ule ni habari ya mzigo, na mzigo Msukuma na Mnyamwezi wanaujua. Katika karne ya 19 babu zetu walibeba pembe za ndovu mabegani mpaka Bagamoyo.

Mlima huu una vilele vitatu: Shira, Mawenzi na Kibo. Kibo ndicho kirefu, futi 19,340, yaani meta 5,895, wala hakuna kinachokipita katika Afrika nzima. Aanzaye Marangu huacha migomba na kahawa, huingia msituni, kisha vichaka, kisha jangwa la mawe, na mwisho barafu. Hulala Mandara, Horombo na Kibo, akaondoka tena usiku wa manane. Kileleni hewa ya kuvuta ni kama nusu ya ile ya pwani. Ndiyo maana waongozaji husema: polepole! Mwenye kukimbilia juu, kichwa humwuma, hutapika, na asiposhuka upesi aweza kufa.

Nilipokuwa nasomea ualimu niliulizwa nani aliyefika kwanza. Nikajibu Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, mwaka 1889, nikapewa alama zote. Si uongo, lakini ni nusu ya jibu. Hakuna aliyeniuliza nani alipika, nani alikaa katika kambi ya juu kwenye baridi akilinda vitu vyao. Huyo ni Mwini Amani wa Pangani. Na watu wa Marangu humkumbuka Yohani Kinyala Lauwo kuwa kiongozi wa safari ile. Meyer alikiita kilele kwa jina la mfalme wake wa Ujerumani. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda akasimika pale bendera yetu na Mwenge, na leo paitwa Uhuru.

Lakini jina si kazi yote. Hata leo wapagazi, wajiitao "wagumu", ndio wapandishao mahema na vyakula vya wageni. Kanuni yasema mzigo usizidi kilo 20. Kanuni isiyopimwa kwa mizani ni karatasi tu, na ndugu wa migodini mwalijua hilo.

Tena barafu yenyewe yapungua. Mwaka 1912 ilikuwa kama kilometa za mraba 12. Mwaka 2007 haikufika 2. Mwaka 2022 UNESCO ilionya kuwa huenda ikatoweka kufikia 2050. Barafu hatuwezi kuirudisha kwa jembe. Msitu twaweza kuulinda, nao ndio utoao maji mengi ya mlima kuliko barafu. Sisi tuliokata miti mpaka nchi ikawa kame, kisha tangu 1986 tukairudisha kwa ngitili, hatuna haja ya kuhubiriwa.

Basi, mwalimu afundishe majina yote, si ya wageni peke yao. Na atakayepanda, aulize kwanza: aliyenibebea amelipwa haki yake?