HOTUBA YA KATIBU: KIBALI KWANZA, KIBERITI BAADAYE

Ndugu wanaushirika,

Mahindi tumevuna, mbaazi tumekata. Sasa marundo yamejaa shambani na kila mtu anatafuta kiberiti. Jamani, ngojeni!

Shamba ni lako, lakini moto haujui mpaka. Mwaka jana sisi wenyewe viongozi tulichoma bila kuuliza. Upepo wa mchana ukaja, mbaazi za mama jirani zikateketea. Tulimlipa magunia mawili, lakini aibu hailipiki.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeweka masharti ya kuchoma majani. Basi tufanye hivi:

1. Omba kibali kwa Mtendaji, kiwe cha maandishi.
2. Waambie majirani siku na saa.
3. Fyeka na kulima kuzunguka rundo.
4. Choma asubuhi, upepo umetulia. Maji, majembe na matawi mabichi yawe tayari.
5. Usiondoke mpaka majivu yapoe.

Mabua msichome, ng'ombe watakula. Na ninyi mlio chini ya Mlima Kwaraa, angalieni sana msitu wa Ufiome.

Asiyejua kuandika barua ya kibali aje ofisini, tuandike pamoja. Hata sisi tulijifunza ukubwani.

Kazi kwenu.

Katibu