Minara Inapozomeana

Juzi nikiwa ghorofa ya nane daktari alinitajia kwa simu kipimo cha dawa ya mama. Mtandao ulijaa, lakini maneno yalikatika-katika. Nikalaumu uchache wa minara. Fundi akanisahihisha: huko juu inanifikia mingi mno.

Masafa ya redio ni haba. Mwaka 1947 wahandisi wa Bell Labs, Marekani, walipendekeza eneo ligawanywe vipande vidogo, masafa yale yale yatumike tena mbele kidogo. Yakivuka mpaka, yanagongana kama stesheni mbili kwenye mita moja.

Kuongeza nguvu si dawa. Wote wakipaza sauti, nani atasikika? Antena huinamishwa, nguvu hupunguzwa. Basi tusidai minara mikali, tudai iliyopangwa vyema.